Kitako Kwanza, Uso Baadaye: Kuvitambua Visanamu vya Zamani vya Mchezo wa Shabaha

Belo la midoli likifunguliwa pale Memorial, Moshi, visanamu ndivyo vinavyozama chini. Magari na wanasesere wakubwa hupata wateja mapema, na kule chini, katikati ya vumbi na vifuniko vya kalamu, hubaki askari, maharamia, wachunga ng'ombe wa Kimarekani na wanyama wa plastiki wasiojulikana walitoka kwenye boksi gani. Wengi wao ni midoli ya kawaida. Wachache ni masalia ya michezo ya shabaha, ile iliyouzwa Marekani na Ulaya ikiwa na bunduki ya springi, upinde au manati ya raba, pamoja na safu ya visanamu vya kuangushwa. Bunduki ilishavunjika zamani, boksi lilitupwa, na kilichofika Kilimanjaro ni kisanamu kimoja cha jero.

Kosa linalojirudia kwa wanaoanza kuvikusanya ni kuanza na uso. Wanatazama kofia, silaha na mavazi, kisha wanatamka jina la kiwanda. Uso hausaidii, kwa sababu viwanda vilinakiliana maumbo bila kujificha, na mchunga ng'ombe yule yule aliyepiga goti anaweza kuwa ametoka kwenye kalibu (umbo la chuma la kumiminia plastiki) tatu za nchi tatu. Kinachokitenga kisanamu cha shabaha na ndugu zake ni kwamba kilitengenezwa ili kianguke, kisimamishwe, kianguke tena, mara mia. Kazi hiyo inaacha ushahidi miguuni na mgongoni. Kwa hiyo kigeuze kwanza.

Aina iliyo rahisi kuitambua ni ya bawaba. Kwenye kibao kinachounganisha miguu kuna tundu linalotoboka kutoka ubavu wa kushoto hadi wa kulia. Humo ulipita waya ulioshikilia safu nzima ya visanamu juu ya reli. Kimoja kikipigwa kifuani kinalala chali, na mchezaji anakiinua kwa ajili ya zamu inayofuata. Tundu ambalo halijatumika sana ni duara kamili. Lililochezewa limelika likawa na umbo la yai, limerefuka kuelekea mbele na nyuma. Ingiza kijiti cha meno kikavu, kizungushe polepole. Kikitoka na unga mwekundu, waya ulikuwa wa chuma na ulikaa humo mpaka ukashika kutu. Tundu la kutobolewa na msumari wa moto halina umbo hilo. Kingo zake zina ukoko wa plastiki iliyoyeyuka, na mara nyingi limepinda. Hilo huwa ni la mtu aliyetaka kutengeneza kishikio cha funguo, na limewahi kuwapoteza wengi.

Aina ya pili haina tundu, ina masikio: vibao viwili vidogo vinavyotokeza chini ya nyayo, vya kuingizwa kwenye nafasi za reli au za sanduku la boksi gumu. Masikio hayo huvunjika mapema, kwa hiyo tafuta kovu lake. Sehemu ya plastiki iliyovunjika ni kavu na yenye chembechembe, wakati sehemu iliyotoka kwenye kalibu inang'aa kidogo. Ukiona makovu mawili yaliyo sawasawa chini ya kisanamu ambacho hakiwezi kusimama chenyewe, hapo pana jambo.

Aina ya tatu inasumbua zaidi kwa sababu inafanana na askari wa kawaida: kinasimama chenyewe, hakina tundu wala sikio. Hapa pima kitako. Askari wa kuchezewa kwenye zulia alipewa kitako kipana ili asianguke ovyo. Kisanamu cha shabaha kilipewa kitako chembamba kutoka mbele kwenda nyuma, ili mshale mwepesi utoshe kukilaza. Kuna jaribio la rula ambalo huhitaji kulipia chochote. Weka rula ya sentimeta 30 mezani, simamisha kisanamu juu yake, mgongo ukielekea upande wa chini utakapoinua, na chini ya kitako weka kipande kidogo cha karatasi ya msasa ili kisiteleze. Inua ncha moja taratibu, mtu mwingine apime urefu wa kutoka mezani hadi kwenye ncha hiyo. Kisanamu cha milimita 54 ambacho uzito wake umekaa kiunoni, kama milimita 25 kutoka chini, chenye kitako cha milimita 20, kitavumilia mpaka ncha ifike karibu sentimeta 11. Chenye kitako cha milimita 10 kitaanguka ncha ikifika kama sentimeta 6. Visanamu vya mkao tofauti vitatofautiana, mwenye kuinama mbele si sawa na aliyesimama wima, lakini tofauti kati ya sita na kumi na moja ni kubwa mno kuifumbia macho.

Kuna pia vyenye kitako cha mviringo kama chungu, chenye uzito ndani, ambavyo vikipigwa vinayumba na kurudi vyenyewe. Vitikise sikioni. Ukisikia kitu kinagongagonga, uzito umeachia na kisanamu hakitasimama tena kama zamani.

Si kila mchezo wa shabaha ulilenga kifua. Crossbows and Catapults, mchezo wa kampuni ya Lakeside wa mwaka 1983, uliweka Waviking upande mmoja na Wabarbari upande wa pili, kila kikosi na ngome yake ya matofali ya plastiki, na pinde na manati zinazovutwa kwa raba zikirusha visahani kupita sakafuni. Kisahani kinachoteleza kinapiga miguu na kitako, hakipigi kichwa. Basi kwa michezo ya namna hiyo usitafute mashimo usoni. Tafuta mikwaruzo mingi kwenye ukingo wa kitako, na ukimkuta shujaa mwenye kitako kilichochakaa lakini uso safi, uliza kama belo hilo hilo lilitoa matofali ya ngome au visahani. Wauzaji huvitenganisha bila kujua vinahusiana. Visahani huishia kwenye fungu la vifungo.

Mgongo nao una maneno yake. Visanamu vingi vya reli vilichongwa upande mmoja tu, kwa sababu mpigaji haoni nyuma: mgongo ni bapa, au ni mtupu wenye mbavu za kuimarisha, au una ndoano ndogo ya kukishikilia kwenye waya. Lakini mgongo bapa peke yake hautoshi. Mapambo ya keki yalikuwa hivyo, na vizawadi vilivyofichwa ndani ya maboksi ya nafaka za asubuhi vilikuwa hivyo pia, kwa sababu plastiki nusu ni gharama nusu. Nisingekiita kisanamu cha shabaha kwa sababu ya mgongo kama kitako hakikubaliani nao.

Namba pia huchanganya. Namba ya alama iliwekwa mbele, kubwa, mpigaji aione: 5, 10, 25, 50. Namba ndogo iliyo chini ya kitako au nyuma ya mguu, hasa ikiwa 1 hadi 12 au zaidi, ni ya shimo la kalibu. Kalibu moja ilikuwa na mashimo mengi, na fundi alitaka kujua shimo lipi linatoa mali mbovu. Ukipata visanamu viwili vya mkao mmoja, kimoja kina 3 na kingine 7 kwa chini, huenda ni pacha wa kalibu moja.

Baada ya umbo, plastiki. Hapa watu wengi hubahatisha kwa kuuma na jino, na wengine kwa sindano ya moto. Sindano inaharibu, na moshi wa PVC, plastiki ya mabomba, haufai kuvutwa. Glasi mbili za maji zinatosha. Kila glasi iwe na robo lita. Ya kwanza ni maji matupu yenye tone moja la sabuni ya maji. Ya pili tia gramu 90 za chumvi ya mezani, kama vijiko vikubwa vitano vya kusawazisha, koroga dakika kadhaa mpaka iyeyuke karibu yote na ibaki kidogo chini, kisha tia tone la sabuni pia. Sabuni ni muhimu, kwani bila hiyo vipovu vya hewa hung'ang'ania kwenye mikunjo ya nguo na kukifanya kielee kisanamu kilichopaswa kuzama. Kizamishe kwa kidole, kigeuzegeuze mpaka vipovu vitoke, kisha kiachie.

Kikielea kwenye maji matupu, mara nyingi ni polithini, ndugu wa ndoo na madumu, ambayo uzito wake ni kati ya 0.91 na 0.97 ukilinganisha na maji. Kikizama kwenye maji matupu lakini kikaelea kwenye maji ya chumvi, basi ni polistirini au jamii yake, ambayo ni 1.04 hadi 1.07, kwa kuwa maji yaliyoshiba chumvi yanafika kama 1.2. Polistirini ni ile plastiki ngumu na angavu ya ganda la kalamu ya Bic. Kikizama kwote kuwili, fikiria PVC kama kinainama, au asetati ya selulosi, ya kama 1.3, kama ni kigumu na kimepindapinda kwa uzee. Chenye chuma au madini ya risasi kitakoni hakipimwi hivi, kitazama tu. Ukimaliza kisuuze kwa maji matupu, maana chumvi ikikaukia kwenye tundu la bawaba itakula waya uliobaki.

Faida ya kujua plastiki ni kubwa kuliko jina. Polithini haishiki rangi, kwa hiyo kisanamu cha polithini chenye rangi kamili, isiyobanduka hata kwenye ncha ya pua, kinatia shaka: huenda kilipakwa juzi. Polithini ya zamani pia hufa kimya kimya. Askari wa plastiki laini wa kampuni ya Airfix ya Uingereza wanafahamika kwa hilo. Kwa macho ni wazima, ukikunja bunduki kidogo inakatika kama biskuti. Usijaribu kunyoosha kitu kabla ya kukiweka kwenye maji ya uvuguvugu, na hata hapo kwa subira. Polistirini haiinami, inapasuka, na ndiyo maana kwenye michezo ya bunduki ya springi utakuta shingo na mikono imeganda gundi. Supaglu inaacha ukungu mweupe kando ya mpasuko, na kwenye polithini haishiki kabisa.

Makovu ya risasi za mchezo yasomwe baada ya hayo yote, si kabla. Kizibo kinachofyatuliwa na bunduki ya mchezo hakiachi kitu. Mshale wenye kinyonyeo cha PVC laini hauumizi unapopiga, ila ulipolazwa boksini pamoja na kisanamu cha polistirini kwa miaka mingi, mafuta yaliyo ndani ya PVC laini huhamia na kuiyeyusha polistirini. Alama yake ni duara linalong'aa, lililozama kidogo, mara nyingine na uzi wa kunata. Duara la namna hiyo mgongoni au pajani ni ushahidi mzuri kwamba kisanamu na mishale vilikuwa vya boksi moja. Mashimo ya gololi za chuma au za bunduki ya upepo hayathibitishi chochote, kwa sababu watoto wa kila nchi wamewahi kuwapiga askari wa kawaida, na kampuni ya Britains ya Uingereza iliuza mizinga midogo ya springi kwa ajili ya kazi hiyo.

Sasa maandishi. Yasome kwa tochi ya simu iliyolazwa ubavuni, mwanga uje kwa chini, ndipo herufi zilizoinuka zitakapotupa kivuli. Yakikataa, weka karatasi nyembamba juu na upitishe penseli laini. Usipake wino wala rangi ya viatu, haitoki.

Hong Kong ndilo neno utakalolikuta zaidi, na halimaanishi feki. Kampuni kubwa ziliagiza kazi huko, hata Herald, visanamu vya plastiki vya Britains, ilifika kutengenezwa Hong Kong. Empire Made ni maneno ya bidhaa za Hong Kong zilizolenga soko la Uingereza. West Germany inakupa kati ya 1949 na 1990, na DBGM ni alama ya Kijerumani ya usajili wa uvumbuzi mdogo, ya baada ya Vita Kuu ya Pili, tofauti na DRGM ya kabla yake. Duara lenye MAR na X kubwa ni alama ya Louis Marx, kampuni iliyoanza New York mwaka 1919, ikauzwa kwa Quaker Oats mwaka 1972 na kufa kufikia 1980. Kalibu zake hazikufa. Ziliendelea kutumika kwa watu wengine, na alama ikabaki imechongwa ndani yake. Kwa hiyo alama inakueleza nani alichonga kalibu, haikuelezi plastiki ilimiminwa lini. Mwaka wa haki miliki nao ni hivyo hivyo.

Namba ya hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya Marekani inasaidia zaidi kuliko watu wanavyodhani. Namba ya milioni mbili ilitolewa 1935, milioni tatu Septemba 1961, milioni nne Desemba 1976, milioni tano Machi 1991. Kisanamu au reli yenye namba ya tarakimu saba inayoanza na 3 hakiwezi kuwa cha kabla ya 1961. Ukibahatika kupata kipande cha boksi, anwani ya Marekani yenye msimbo wa tarakimu tano mwishoni ni ya 1963 au baadaye. Msimbo wa milia ya kusomwa na mashine ulianza madukani 1974. Alama ya CE, ya viwango vya Ulaya, kwenye midoli ni ya kuanzia 1990. Taa ya kukagulia noti, ile ya mawakala wa fedha, inafaa pia: gundi nyingi za matengenezo huwaka chini yake, na karatasi mpya hung'aa buluu kali kuliko ya zamani.

Kopi hugunduliwa kwa vernia, kipimo cha kubana kinachosoma sehemu za milimita. Plastiki ikipoa husinyaa. Polithini husinyaa asilimia 1.5 hadi 3 hivi, polistirini chini ya asilimia 1. Mwizi wa umbo alichukua kisanamu kilichokwisha sinyaa, akatengenezea kalibu, akamimina, kikasinyaa mara ya pili. Askari wa polithini wa milimita 54 kopi yake itapungua kwa karibu milimita moja au zaidi, na vifungo vya koti vitakuwa kama sabuni iliyotumika. Pima kutoka unyayo hadi utosi bila kitako, kila mara hivyo hivyo, na upime vitatu au vinne kabla ya kusema.

Chukua mfano wa aina inayotokea Kiborloni: mchunga ng'ombe mwekundu, milimita 60, mgongo mtupu wenye mbavu mbili, tundu la milimita 3 kwenye kibao cha miguu. Tundu ni yai, kijiti kinatoka na kutu. Maji matupu anazama, maji ya chumvi anaelea. Chini pana 4 ndogo, na upande wa nyuma wa kibao pameandikwa U.S.A. bila jina. Pajani ana duara linalong'aa. Unachoweza kuandika kwa uhakika ni hiki: shabaha ya reli, polistirini au jamii yake, kalibu ya mashimo yasiyopungua manne, ya Marekani, alihifadhiwa na mishale ya vinyonyeo vya PVC, alichezewa sana. Jina la kiwanda halimo, na mtu akikulazimisha uliweke kwa kuwa bei itapanda, mkatalie. Mkusanyaji wa Ujerumani au Marekani atakayepokea picha ataliona kosa kwa dakika moja, na hatanunua tena Moshi wala Arusha.

Picha zenyewe ziwe nne: kitako kikiwa na rula pembeni, mgongo, ubavu, na mwisho uso. Piga kivulini, kwa sababu jua la saa sita linafuta herufi.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji na mswaki laini. Petroli na thina, ambazo mafundi rangi huzikimbilia, huyeyusha polistirini ukiwa unatazama. Usianike juu ya bati. Usiweke visanamu kwenye mfuko mmoja na raba wala mishale yake; raba inaoza na kunata, PVC inayeyusha wenzake. Funga kila kimoja kwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Rangi za zamani, hasa njano na nyekundu, zinaweza kuwa na madini ya risasi au kadimiamu, kwa hiyo nawa mikono baada ya kuvishika, na usimpe mtoto anayetia vitu mdomoni hata kama kimevunjika na hakina bei.

Kubwa kuliko yote ni kutovitenganisha ndugu. Ukikuta kimoja, usiondoke nacho peke yake. Muulize muuzaji kwa adabu: "Mangi, naomba nimwage fungu lote hili." Atakujibu, "Mwaga tu, kaka, ila urudishe." Tafuta rangi ile ile, tundu la kipenyo kile kile, mbavu za mgongo zile zile, tafuta waya uliopinda, kipande cha reli, kifyatulio cha bunduki kilichobaki bila bunduki. Kwa Arusha, pitia pia mafungu ya Kilombero na Samunge, kwani mzigo mmoja ukigawanywa huenda pande zote mbili. Halafu andika kwenye karatasi ya kufungia, kwa penseli, soko na tarehe, na kilikutwa na nini.